asdf, mise, kontena au Nix: uchague ipi ya kuandalia mashine ya kubildi, na kila moja inavukaje toleo jipya

`ModuleNotFoundError: No module named '_ctypes'`

Kama umewahi kuinstoli Python kwa asdf kwenye Ubuntu mpya ambayo haijawekwa kitu, hii meseji unaijua. Unasubiri weee, laptopu inavuma na kupata moto, Python inakompailiwa kutoka kodi yake mwanzo mwisho, inakwambia imekubali, alafu ukigusa tu projekti yako ndo unakutana nayo. Sababu yenyewe ndogo sana, mashine haikuwa na libffi-dev, maktaba ambayo `_ctypes` inaihitaji, wakati wa kukompaili, na onyo lilitoka ila nani anasoma onyo wakati mstari wa mwisho unasema imeinstoliwa.

Kijana mmoja alijiunga na timu yetu akiwa Mwanza, laptopu yake RAM 8GB, intaneti yake ni bando la simu, na README yetu inamwambia endesha amri moja utakuwa tayari. Zikaisha siku mbili hajawa tayari. Iliniuma maana ile README niliiandika mimi. Tangu hapo nikakaa nikazijaribu zana nne za kuandalia mashine, yani kuiwekea projekti matoleo yake kamili ya Python, Node na wenzake, kwa projekti ileile moja, Python upande wa seva na Node upande wa mbele, asdf, mise, kontena za devcontainer, na Nix, na ninachoandika hapa ndo nilichokiona, nia ni wewe unayetaka kuchagua usianze sifuri kama nilivyoanza mimi.

Watu wengi wakilinganisha hizi zana wanaangalia siku ya kwanza, ipi rahisi kuiweka, ipi ina kasi, na siku ya kwanza zote nne zinafanya kazi vizuri tu. Shida inakuja miezi nane mbele, likitoka toleo jipya la kitu fulani. Na hapo pana matoleo ya aina tatu yanayokuchezea kwa wakati mmoja. Kuna toleo la zana yenyewe, yani asdf ya jana na asdf ya leo. Kuna toleo la vitu inavyokuletea, Node, Python, Java na wenzake. Alafu kuna ardhi unayosimama juu yake, Ubuntu, Debian, macOS, ambayo inasogea hata kama we hujagusa kitu. Hiyo ya tatu ndo inayosahaulika kuliko zote.

Mfano wa ardhi kusogea: Ubuntu 22.04 ilikuja na OpenSSL 3, ile maktaba ya usimbaji, na Ruby za zamani, 3.0 kushuka chini, haziijui OpenSSL 3. Sa ukiwa na projekti ya Ruby 2.7 iliyokuwa inakompaili bila neno kwenye 20.04, umehamia 22.04 inagoma, na hakuna mtu kwenye timu aliyebadilisha hata herufi moja. Ilibidi ruby-build, ambayo ndo inafanya kazi nyuma ya plagini ya Ruby ya asdf, iongezewe uwezo wa kujijengea OpenSSL 1.1 yake pembeni. Upande wa Node ilikuwa hivyohivyo, Node 17 ilipotoka Oktoba 2021 ikiwa na OpenSSL 3 ndani yake, projekti za webpack 4, zana ya kufungasha kodi ya JavaScript, zikaanza kutapika `ERR_OSSL_EVP_UNSUPPORTED` kila kona. Kwa hiyo kila zana hapa chini nimeipima kwa hayo matatu, yenyewe, inachokuletea, na ardhi.

asdf

asdf ni ya mwaka 2014, aliianzisha Akash Manohar, na kwa zaidi ya miaka kumi ilikuwa imeandikwa kwa Bash tupu. Wazo lake ni zuri na rahisi kulieleza hata kwa mtu aliyeanza juzi: unaweka faili moja linaitwa `.tool-versions` kwenye repo, yani folda ya kodi ya projekti, ndani yake mistari kama hii

```
nodejs 20.11.1
python 3.11.8
java temurin-17.0.10+7
```

alafu unaandika `asdf install`, basi. Mtu akiingia kwenye folda hiyo anapata Node hiyo, akitoka anarudi kwenye ya kwake. Kabla ya hapo ulikuwa na nvm kwa ajili ya Node, pyenv kwa ajili ya Python, rbenv kwa ajili ya Ruby, kila moja na mistari yake kwenye `.bashrc`, fujo tupu.

Januari 2025 ikatoka 0.16, na hapa ndo pa kukaa kidogo. Waliiandika upya yote kwa Go. Bash ilikuwa imewachosha, kila ukiita `node` unapita kwanza kwenye kijifaili cha katikati, ile shimu, nayo inaamsha Bash inatafuta toleo gani linatakiwa ndo inakupeleka kwenye Node yenyewe, na skripti inayoita `node` mara mia inakulipisha hiyo foleni mara mia. Wenyewe walisema 0.16 ina kasi mara 2 hadi 7 kuliko 0.15, na mi kwa macho tu niliiona tofauti.

Ila `asdf global` ikafa, `asdf local` ikafa, zote mbili zimekuwa `asdf set`, na ukitaka iwe ya akaunti yako nzima unaweka `asdf set -u`. `asdf shell` ikaondolewa. `asdf update` ikaondolewa, maana sa hivi ni faili moja la programu, unaliapdeti kwa njia uliyoliwekea. Amri zote zenye kistari zikabadilika, `asdf list-all` imekuwa `asdf list all`, `asdf plugin-add` imekuwa `asdf plugin add`. Ule mstari wa `.bashrc` unaosoma `asdf.sh` hauna kazi tena, unatakiwa uweke folda ya shimu kwenye PATH, ile orodha ya folda ambako terminali inatafuta programu, mwenyewe. Na shimu za zamani ufute uzitengeneze upya kwa `asdf reshim`, la sivyo zinaita asdf ambayo haipo.

Skripti yetu ya kuandaa mashine ilikuwa na `asdf global` mbili na `plugin-add` nne. Kwenye Mac zilizokuwa zinaipata asdf kwa Homebrew, kile kisimamizi cha vifurushi cha Mac, 0.16 iliingia yenyewe mtu alipofanya apdeti ya kawaida, kwenye seva tulikuwa tumeifunga kwenye toleo la zamani kwa hiyo seva kijani, Mac za watu nyekundu, na asubuhi nzima ikaisha tunaulizana kwa nini kwako inakubali.

Nilichojifunza hapo, na kinatumika kwa zana yoyote, ni kwamba faili la `.tool-versions` lilivuka salama kabisa. Mtu wa 0.15 na mtu wa 0.16 wanasoma faili lilelile bila ugomvi. `asdf install` nayo ilivuka. Kilichokufa ni amri za pembeni tulizokuwa tumezijaza kwenye skripti. Timu iliyokuwa na faili la matoleo na `asdf install` peke yake haikuhisi chochote zaidi ya kurekebisha PATH na shimu. Ndo maana sa hivi nikiangalia zana mpya naangalia kwanza ni kiasi gani cha kazi kinakaa kwenye faili na kiasi gani kinakaa kwenye amri, maana faili watengenezaji wanaliogopa kulivunja, amri wanazibadilisha.

Kwenye aina ya pili, vitu inavyoleta, asdf inategemea plagini, na kila plagini ni repo ya mtu mwingine, ni skripti za Bash zinazoendeshwa kwenye mashine yako. `.tool-versions` haisemi plagini iwe ya tarehe gani. Wewe ulieapdeti plagini jana na mimi niliyeiweka mwaka juzi tunaweza kuwa na faili lilelile, kwako Python ikaonekana ipo, kwangu ikaambiwa haijulikani. Na plagini ya Python inakompaili kutoka kodi, ndo tunarudi kwa `_ctypes`. Kabla hujaanza weka hivi vyote kwenye Ubuntu: build-essential, libssl-dev, zlib1g-dev, libbz2-dev, libreadline-dev, libsqlite3-dev, libffi-dev. Ukisahau kimoja Python inajengwa nusu nusu au inagoma kabisa.

Ardhi yenyewe asdf haiigusi kabisa. Haijui uko Ubuntu gani.

mise

Hii ni ya Jeff Dickey, ilianza Januari 2023 ikiitwa rtx, Januari 2024 ikabadilishwa jina ikawa mise. Imeandikwa kwa Rust. Kitu cha kwanza kilichonivuta ni kwamba inasoma `.tool-versions` ya asdf kama ilivyo, kwa hiyo kuhama ni kazi ya mchana mmoja na wenzako wanaobaki na asdf hawaumii. Ukitaka zaidi una `mise.toml`, humo unaweka matoleo, vigezo vya mazingira na kazi za projekti kwa pamoja.

Kasi yake inatoka kwenye jinsi inavyofanya kazi, badala ya kukupitisha kwenye shimu kila mara inabadilisha PATH yako ukiingia kwenye folda, kwa hiyo ukiita `node` unaenda moja kwa moja. Shimu zipo kama unazitaka, na utazitaka kwa ajili ya kihariri chako cha kodi ambacho hakipiti kwenye terminali.

Kwa Python ndo iliniokoa. mise kwa kawaida inashusha Python iliyokwisha kujengwa, zile za mradi wa python-build-standalone, ambao tangu Desemba 2024 uko mikononi mwa kampuni ya Astral. Hakuna kukompaili, hakuna libffi-dev, hakuna laptopu kuvuma. Unashusha kifurushi, kinafunguliwa, umemaliza. Kwa mtu wa bando na RAM 8GB hii peke yake inatosha kuamua.

Sa upande wa kuvuka matoleo. mise inahesabu matoleo yake kwa tarehe, 2024.11.1 na kadhalika, na inatoka mara nyingi mno, wiki moja tu unaweza kukuta matoleo kadhaa. Hiyo ina uzuri wake, bagi ikiripotiwa inarekebishwa haraka. Ila chaguo-msingi zake zinahama. Mwanzoni ilikuwa inategemea plagini za asdf kwa vitu vingi, baadaye wakahamisha zana nyingi kwenda kwa aqua kwa sababu za usalama, maana aqua ni maelezo tu ya wapi pa kushusha, siyo skripti ya mtu inayoendeshwa kwako. Mi hilo naliunga mkono kabisa. Usomaji wa `.nvmrc` na `.python-version`, uliokuwa unafanyika wenyewe, kwenye matoleo ya 2025 wakaufanya uwe wa kuwashwa na mtumiaji, na aliyekuwa anaegemea `.nvmrc` tu akashangaa Node yake imepotelea wapi.

Dawa ipo na ni nzuri kuliko ya asdf. Kwenye `mise.toml` unaandika `min_version` na mtu mwenye mise ya zamani anaambiwa waziwazi aapdeti. Kwenye seva unaifunga, `curl https://mise.run | MISE_VERSION=v2024.5.16 sh`, weka toleo mlilojaribu nyie. Na kuna kitu kinaitwa `mise generate bootstrap`, kinakutengenezea skripti ndogo unaiweka ndani ya repo, mtu mpya akiiendesha inamshushia mise ya toleo lilelile mlilokubaliana. Waliowahi kutengeneza programu za Android wanaujua huu mtindo, ni `gradlew` ileile ya Gradle, zana yao ya kubildi, unaweka kwenye repo kijiskripti na `gradle-wrapper.properties` yenye anwani ya Gradle kamili, na hakuna mtu anayeuliza we una Gradle gani. Kwangu hicho ndo kitu ambacho kila zana ya namna hii ingepaswa kuwa nacho siku ya kwanza, ijue kujifunga yenyewe.

Lipo pia `mise.lock` la kufungia mpaka alama ya uhakiki ya kila faili linaloshushwa, limekuja baadaye, mimi naliwasha kwenye projekti za kujaribia, kwenye za wateja bado nangoja litulie.

Ardhi? Hapo mise ni sawa na asdf, haiigusi. Inakupunguzia tu makali kwa sababu vitu vyake vingi vimeshajengwa.

Kontena

Kontena ni kama Linux ndogo iliyofungwa inayoendeshwa ndani ya mashine yako, mara nyingi kwa Docker. VS Code, kihariri cha kodi cha Microsoft, ilileta mtindo wa devcontainer mwaka 2019, na 2022 Microsoft wakaufungua uwe maelezo ya wazi ambayo vihariri vingine wanaweza kuyafuata. Unaweka `devcontainer.json`, unasema imeji ipi (nakala iliyopakiwa tayari ya mfumo na programu zake), nini kiongezwe, nini kiendeshwe baada ya kuumbwa, na kila mtu anafanya kazi ndani ya Linux ileile. Hii ndo ya kwanza kwenye orodha hii inayogusa ardhi, na kwa timu yenye mchanganyiko wa Windows, Mac na Linux ni nafuu kubwa, zile stori za kwako inakubali kwangu inagoma zinapungua sana.

Ila watu wanadhani kontena limefunga kila kitu na si kweli. Jina la imeji kama `python:3.11` halijafungwa. Debian 12, bookworm, ilipotoka Juni 2023, imeji za Python zenye jina hilohilo zikahamishwa kutoka bullseye (Debian 11) kwenda bookworm, we umeandika mstari uleule, ardhi imebadilika chini yako, vifurushi vya apt vimebadilika majina na matoleo. Andika `python:3.11-bookworm`, au kama unataka uhakika kabisa andika ile namba ndefu ya sha256 inayotambulisha imeji moja tu.

Na hata ukiandika sha256, kama Dockerfile yako, lile faili la maelekezo ya kujenga imeji, ina `apt-get install` ndani yake basi bado unategemea seva za Debian ziwe na vitu hivyo siku hiyo. Aprili 2023 Debian 9, stretch, iliondolewa kwenye seva za kawaida ikapelekwa kwenye kumbukumbu, na kila Dockerfile ya stretch duniani ikaanza kurudisha 404 kwenye `apt-get update`. CentOS 8 vilevile, maisha yake yaliisha 31 Desemba 2021 na mwanzoni mwa 2022 orodha za seva zake zikazimwa. Lakini angalia hapa, waliokuwa na imeji yenyewe iliyokwisha kujengwa kwenye rejista yao waliendelea kuitumia kama kawaida. Dockerfile ni maelezo ya pishi, imeji ndo wali wenyewe uko kwenye sufuria, sokoni mchele ukiisha aliyeshapika anakula.

Kwa hiyo ukichagua kontena usimwambie kila mtu ajijengee kwake. Jenga imeji mara moja kwenye seva, isukume kwenye rejista yenu, `devcontainer.json` ielekeze huko kwa sha256. Ukitaka kupanda toleo unajenga nyingine kwa makusudi, unaijaribu, ndo unabadilisha mstari mmoja.

Sa tuje kwenye gharama, na hapa niseme kwa uchungu kidogo. Imeji ya kazi yenye Python, Node na vikorokoro vyake ni gigabaiti kadhaa kirahisi. Ofisini kwenye faiba hilo siyo tatizo. Kwa kijana wetu wa Mwanza ni bando la siku kadhaa kwa imeji moja, na ukibadilisha tabaka la chini kabisa anashusha karibu zote upya. Kwenye Mac na Windows Docker inakaa ndani ya mashine pepe inayokula RAM yake, ukiwa na 8GB na kivinjari kimefunguliwa na kihariri kimefunguliwa unabaki unaangalia kiduara kinazunguka. Kwenye Windows kodi ikiwa upande wa C na kontena liko WSL2, ile Linux inayokaa ndani ya Windows, usomaji wa mafaili unakuwa wa polepole mno, weka kodi ndani ya WSL yenyewe. Kwenye Mac za M1 kuendelea hakikisha imeji ina arm64, vinginevyo inaigizwa na muda unaliwa bure. Na kampuni yenu ikiwa na wafanyakazi zaidi ya 250 au mapato ya zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka, Docker Desktop ni ya kulipia, hayo masharti yalitangazwa Agosti 2021.

Zana yenyewe nayo ilivuka toleo kwa maumivu yanayofanana na ya asdf mpaka kwenye kistari. `docker-compose` ya kistari, ile ya Python ya kuwasha kontena kadhaa kwa pamoja, iliacha kupata apdeti Julai 2023, na 2024 ikaondolewa kwenye mashine za GitHub Actions, huduma ya kubildi ya GitHub. Sa hivi ni `docker compose` bila kistari. Faili la YAML likavuka vizuri, mstari wa `version:` tu ndo umekosa kazi. Tena faili limepona, amri imekufa.

Nix

Nix ni kisimamizi cha vifurushi, Eelco Dolstra alianza kuitengeneza 2003 akiwa Chuo Kikuu cha Utrecht kule Uholanzi, tasnifu yake ya udaktari ni ya 2006. Kila kitu kinakaa `/nix/store` kwenye folda yenye alama ndefu iliyotokana na kila kilichotumika kukijenga, kwa hiyo Python mbili zilizojengwa tofauti zinakaa jirani hazijuani. `flake.lock` inafunga hali nzima ya mkusanyiko wa vifurushi kwa komiti moja (commit, yani hali ya kodi ya wakati fulani), na mkusanyiko wenyewe una vifurushi zaidi ya laki moja. Ukichukua repo ya miaka mitatu iliyopita yenye `flake.lock` na ukaandika `nix develop`, unapata libffi ileile, OpenSSL ileile, Python ileile. Kwenye kufunga vitu na ardhi hakuna kinachoikaribia kati ya hizi nne. Nilivyoona mara ya kwanza nilinyamaza kidogo.

Sa kwa nini siyo jibu la kila mtu? Lugha yake ni ngeni na inachukua wiki kadhaa kuizoea, siyo siku. Flakes zenyewe, ule mtindo wenye `flake.lock`, zilikuja na Nix 2.4 mwezi Novemba 2021 zikiwa na jina la majaribio, na mpaka leo bado unatakiwa uziwashe, kwa hiyo ukitafuta msaada mtandaoni nusu ya majibu ni ya `nix-env` na `nix-shell` za zamani na nusu ni za njia mpya, mtu mpya anachanganyikiwa. Ukitaka Python 3.11.8 kamili, siyo 3.11 yoyote, inabidi utafute komiti yenye hiyo, Devbox, zana iliyojengwa juu ya Nix, inarahisisha hapo na mtu anayetaka kuonja Nix ningemwambia aanzie huko.

Na ardhi ya Mac imewahi kuipiga hata Nix. macOS 15 ilipotoka Septemba 2024 ilichukua namba za watumiaji kuanzia 301 ambazo Nix ilikuwa imewapa watumiaji wake wa kujengea, watu wakaapdeti Mac usiku, asubuhi Nix haijengi. Ilibidi kuwahamishia watumiaji hao namba nyingine kwa skripti.

Kingine cha Python, ukichanganya Python ya Nix na vifurushi vya pip vilivyojengwa tayari utakutana na `libstdc++.so.6: cannot open shared object file` ukiita numpy, maana kifurushi kinatafuta maktaba mahali pa kawaida na kwa Nix hazipo hapo. Inarekebishika, ila unatakiwa ujue unafanya nini. Diski nayo inajaa kimyakimya, zoea `nix-collect-garbage`. Na Windows ni mpaka WSL.

Sa uchague ipi

Ukiwa na timu ndogo, watu wako mikoa tofauti, bando ni la kupima, laptopu za kawaida, chukua mise, sina wasiwasi na hilo. Kama tayari mna asdf na inafanya kazi, msihame kwa sababu ya fasheni, pandeni 0.16 kuendelea, safisheni skripti zibaki na `asdf plugin add` na `asdf install`, mengine yote yaingie kwenye faili.

Mnapotegemea maktaba za mfumo zenye ugomvi, mfano za picha, ramani, hifadhidata ya Oracle, na intaneti ya watu ni nzuri, kontena. Lakini lijengwe mara moja na livutwe, nimeshasema. Hata ndani ya kontena unaweza kuweka mise isome faili lilelile, sisi ndo tunavyofanya kwenye seva.

Nix mpe mtu mwenye programu inayotakiwa ijengeke vilevile miaka mitano mbele, labda ya benki, utafiti, vifaa vya hospitali, na ana angalau watu wawili kwenye timu wanaoielewa. Akiwa mmoja tu, siku akiacha kazi mmebaki na faili ambalo hakuna wa kuligusa.

Vagrant, zana ya kuandalia mashine pepe, sijaiweka kwa makusudi. Ilitusaidia sana zama zake, ila mashine pepe nzima kwa ajili ya Node moja sa hivi ni mzigo, na tangu Agosti 2023 leseni yake nayo si ya wazi kama ilivyokuwa.

Na vyovyote utakavyochagua, kwenye seva ya kubildi ya GitHub Actions usiandike `ubuntu-latest`. Kati ya Desemba 2024 na Januari 2025 jina hilo lilihamishwa kutoka 22.04 kwenda 24.04. Andika namba, alafu panga siku yenu wenyewe ya kuhama.

Projekti yetu sa hivi ina hili faili, na pembeni yake ile skripti ya bootstrap:

```
min_version = "2024.11.1"

[tools]
node = "20.11.1"
python = "3.11.8"

[env]
PIP_DISABLE_PIP_VERSION_CHECK = "1"

[tasks.andaa]
run = ["npm ci", "pip install -r requirements.txt"]
```

Kijana wa Mwanza nilimwomba afute kila kitu kwenye laptopu yake aanze upya kwa hili faili, kwa bando lake lilelile, na kila Python au Node inapopanda toleo namwomba tena arudie kabla hatujaunganisha kodi. Akikwama yeye, badiliko halipiti.